Boda au kahawa ya jioni, kipi kikatwe?

Mwezi huu nimekaa na daftari nikaona pesa inavujia sehemu mbili tu, boda ya kazini na kahawa na kashata za jioni pale barazani Ngamiani. Boda buku kwenda buku kurudi, siku 26 ni elfu 52 hiyo, na unachopata ni vumbi la usoni na dogo anayekata kona kama anafukuzwa. Kahawa je? Vikombe viwili mia nne, kashata mia mbili, kwa siku hizo hizo 26 jumla 15,600.

Sasa Tanga mji wenyewe tambarare, baiskeli kibao, mi yangu ilikuwa imelala uani tairi hazina upepo, nimeziba pancha na kubadilisha breki kwa elfu 6 basi inatembea. Ila masika boda napanda, sijifanyi shujaa, nikifika kazini nimelowa chapachapa nani atanisifu.

Kahawa siigusi. Lile birika juu ya mkaa, muuzaji anagonganisha vikombe unamsikia toka mtaa wa pili, wazee wanabishana timu ya Coastal Union wamekosea wapi. Shemeji kaniambia nichemshe nyumbani, haya, nibishane na nani, ukuta?