Uncharted 4 au Outer Wilds: moja ya sebule nzima, nyingine ya mtu na daftari lake

Nianze na mfuko, maana kwa wengi wetu ndiko gemu inakoanzia. Uncharted 4 ukiitaka kwenye kompyuta, andaa nafasi ya zaidi ya GB 100. Outer Wilds inakaa kwenye GB 8. Anayeshusha gemu kwa bando la simu anajua hesabu hiyo ina maana gani. Kwa upande mwingine, Uncharted 4 ina diski ya PS4 (mashine ya gemu ya PlayStation 4), na diski iliyokwisha kuchezwa unaipata kwa bei ya kuelewana na muuzaji. Ukiimaliza unabadilishana na mwenzako. Outer Wilds wengi tunainunua mtandaoni, dola 25 kwa bei ya kawaida, na ukishailipia huwezi kuiuza tena.

Nimezimaliza zote mbili hapa kwetu Tanga, sebuleni, ambako TV ni moja na wenye kuitaka ni wengi. Naziandikia pamoja kwa sababu watu huziweka fungu moja, gemu za safari na ugunduzi, halafu aliyeipenda moja anashauriwa achukue na ya pili. Ushauri huo hautoshi. Uncharted 4 inakuongoza mwanzo hadi mwisho, na inaongoza vizuri kuliko gemu yoyote niliyowahi kucheza. Outer Wilds inakuacha peke yako mapema sana, na nguvu yake yote inatoka hapo hapo.

Kwa asiyeijua, Uncharted 4 ilitoka mwaka 2016, kazi ya studio ya Naughty Dog. Nathan Drake, msaka hazina, ameachana na mambo hayo, ametulia na mkewe Elena na kuajiriwa kwenye kazi ya kuopoa mizigo iliyozama. Mara anatokea kaka yake Sam, ambaye kwa miaka 15 alidhaniwa amekufa, akisema bila kuipata hazina ya haramia Henry Avery atauawa. Avery si mtu wa kubuni. Mwaka 1695 yeye na wenzake waliiteka Ganj-i-Sawai, meli ya mfalme Aurangzeb wa India iliyokuwa ikirudi nyumbani na mahujaji na mali nyingi, kisha akatoweka na habari zake zikabaki za kusimuliwa. Gemu inamfuatilia kutoka Scotland mpaka Madagaska, kwenye Libertalia, mji wa maharamia unaotajwa katika hekaya za zamani. Kwa sisi wa pwani hiyo ni bahari yetu. Ukitoka huku ukapita Ngazija, mbele yako ni Madagaska.

Na Madagaska ndipo gemu inapong'ara. Unapewa gari aina ya jipu, unapewa bonde pana la udongo mwekundu na magofu juu ya vilima, na ndani ya gari mko watatu: Drake, Sam, na mzee Sully, mwenza wa Drake wa siku nyingi. Ukiupanda mlima wenye tope, magurudumu yanazunguka bure na gari linarudi nyuma. Hakuna maandishi ya kukuelekeza cha kufanya. Unaangalia kwa macho wapi kuna mawe ya kukanyaga, unapita hapo. Mlima ukishindikana kabisa, unashuka, unavuta kebo ya winchi iliyo mbele ya jipu, unauzunguka mti kwa miguu yako, unaifunga, unarudi kwenye usukani. Kebo inakaza na gari linapanda taratibu. Wakati huo wote watu wanazungumza, na jambo lililonifurahisha kuliko mizinga yote ya gemu hii ni dogo: ukishuka garini katikati ya mazungumzo kwenda kuchungulia gofu, ukirudi wanaendelea pale pale walipoachia, tena kwa namna ya watu waliokatizwa. Waliotengeneza walijua kwamba mchezaji ana haraka zake, wakaamua mazungumzo yasipotee.

Hata mikono imefikiriwa. Drake akining'inia kwenye jabali, ukisukuma stiki kuelekea upande wenye pa kushika, mkono wake unanyooka kuelekea huko. Ukielekeza pasipo na kitu, haunyooki hivyo. Mchezaji mgeni kabisa anaelewa bila kuambiwa. Mdogo wangu wa kike, ambaye alikuwa hajawahi kumaliza gemu yoyote zaidi ya za simu, alishika padi kwenye sehemu ya kupanda na akaenda nayo vizuri tu.

Lakini sifa kubwa ya Uncharted 4 nimeionea kwa mama. Mama hachezi gemu. Yeye ni mtu wa tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, na kwa kawaida PS ikiwashwa anahamia ukumbini. Gemu hii ilimbakiza kwenye kochi. Kuna sura ya nyumbani kwa Drake, mume na mke wanakula chakula cha jioni mbele ya TV, halafu wanawekeana dau: atakayeshindwa kwenye Crash Bandicoot aoshe vyombo. Crash Bandicoot ni gemu ya studio hiyo hiyo, ya mwaka 1996, na unaicheza kweli, ndani ya gemu. Mama alicheka. Baada ya hapo Drake anaanza kumdanganya mkewe kuhusu safari zake, na kila nilipowasha mama aliuliza, "Mwanangu, huyu baba mpaka leo hajamwambia mkewe?" Siku Elena alipowafuma hotelini, mama aliguna tu, akasema, "Haya sasa." Kiingereza chake si kingi, lakini nyuso zile hazihitaji tafsiri. Nolan North aliyemwigiza Drake, Emily Rose kwa Elena na Troy Baker kwa Sam walifanya kazi ya kuigiza hasa, na studio ikaiacha kamera ikae kwenye nyuso zao hata pale wasiposema neno.

Kasoro zipo. Yale masanduku yenye magurudumu unayoyasukuma ili upande ukuta yanachosha, na yanarudi tena na tena. Mapigano ni mengi; mtu aliyetoka kuosha vyombo na mkewe anaua watu makumi kwa makumi na hakuna anayeliongelea. Nina la kusema pia kuhusu Madagaska yenyewe. Soko la King's Bay limepambwa vizuri, kuna hadi lemuri, mnyama wa huko anayefanana na kima, anayekunyang'anya tofaa mkononi. Ila wenyeji wa kisiwa ni wapita njia. Hakuna hata mmoja aliyepewa nafasi ya maana kwenye hadithi, na muda si mrefu unalipitia soko lao kwa gari huku ukifukuzwa kwa risasi. Nilitamani angalau mtu mmoja wa huko aulizwe anajua nini kuhusu maharamia waliokaa kwao.

Sasa Outer Wilds. Ilianza kama kazi ya chuo ya Alex Beachum, katika Chuo Kikuu cha Southern California, ikashinda tuzo kuu ya IGF, tamasha la gemu za watengenezaji huru, mwaka 2015 ingali haijakamilika, ikakamilishwa na studio ya Mobius Digital na kutoka mwaka 2019, na mwaka uliofuata BAFTA, watoa tuzo wa Uingereza, wakaipa tuzo ya gemu bora. Wewe ni kiumbe mwenye macho manne, mkazi wa kasayari kenye misonobari kanakoitwa Timber Hearth. Unaamka kando ya moto. Leo ni siku yako ya kwanza kurushwa angani kwa chombo kilichoungwa kwa mbao. Unapita kijijini, unaingia kwenye makumbusho, unachukua namba za kurushia chombo, unaondoka. Wapi? Popote. Jua liko pale, sayari ziko pale, na hakuna mtu atakayekuambia uanzie ipi.

Baada ya dakika 22 jua linalipuka na kila kitu kinakwisha. Kisha unaamka tena kando ya moto ule ule. Hili silihesabu kuwa ni kuvujisha siri, maana utaligundua ndani ya nusu saa ya kwanza. Kazi yako ni kujua kwa nini.

Hakuna bunduki. Hakuna viwango vya kupanda wala nguvu mpya za kununua. Chombo ulichonacho mwanzo ndicho utakachomalizia. Kinachoongezeka ni ulichokijua tu. Kabila la kale la Nomai lilipita huko na kutoweka, na kuta zao zimejaa maandishi yanayojiviringa kama konokono. Unayasoma kwa kifaa cha kutafsiri. Wanabishana, wanataniana, watoto wao wanaachiana ujumbe. Sentensi moja uliyoisoma kwenye sayari hii inakufungulia mlango kwenye sayari ile, na mlango ule ulikuwa wazi siku zote, wewe tu hukujua unafunguliwaje. Mtu anayejua kila kitu anaweza kuianza gemu upya na kuifikisha mwisho ndani ya mzunguko mmoja wa dakika 22.

Niwape kisa kimoja, bila kuharibu kitu. Kuna sayari mbili pacha zinazozungukana karibu karibu, na mchanga wa moja unamiminikia nyingine kwa nguzo ndefu inayoonekana angani. Kadiri dakika zinavyokwenda, moja inajaa na nyingine inabaki mifupa. Kwenye ile inayojaa yupo msafiri mwenzako, Chert, anapiga ngoma na kutazama nyota. Ukimfikia mapema ni mchangamfu, anakueleza alichokipima. Nilimpenda, nikawa napita kumsalimia. Siku moja nikachelewa kufika, nikamkuta ana wasiwasi: nyota zinazimika nyingi mno. Mzunguko uliofuata nikachelewa zaidi kwa makusudi. Alikuwa amekwisha kuelewa kinachokuja. Sikuwa na la kumfanyia. Nikakaa naye pale mchanga ukipanda, mpaka anga lote likawa jeupe. Hakuna video iliyochezwa, hakuna sura mpya iliyofunguka. Gemu ilimweka tu pale, na saa yake inakwenda, mchezaji afike au asifike.

Na karibu kila msafiri ana ala yake. Una kifaa cha kusikilizia angani: ukikielekeza huku unasikia ngoma, kule banjo, kule filimbi, kutoka sayari tofauti. Nenda mbali, nje kabisa ya sayari zote, geuka uangalie ulikotoka, halafu elekeza kifaa pale zinapokaribiana. Utasikia kwamba wote wanapiga wimbo mmoja. Muziki huo ni wa Andrew Prahlow. Katika gemu zote nilizocheza sijasikia muziki uliofanya kazi kubwa hivyo kwa ala chache hivyo.

Mama hakukaa hata robo saa. Hakuna nyuso za kufuatilia, na mtazamaji anamwona mtu anasoma ukuta, anagonga mwamba, anakufa, anasoma tena. Mdogo wangu alikaa kwa muda kwa sababu ya sayari ya Brittle Hollow, ambayo ganda lake linabomoka kipande kipande na kudondokea kwenye shimo jeusi lililo katikati. Tulipofika Dark Bramble, kwenye ukungu na miiba, alitoka sebuleni akaniambia nimwite nikimaliza. Pale panatisha kweli. Mwenye watoto wadogo ajue.

Lugha nayo ni kizuizi. Gemu zote mbili hazina Kiswahili, lakini Uncharted inavumilika hata kwa Kiingereza cha kuungaunga. Outer Wilds ni kusoma. Asiyeweza kusoma aya ya Kiingereza bila taabu atapoteza kila kitu, maana hapo maneno ndiyo ufunguo. Na kuendesha kile chombo ni shughuli: hakisimami ukiachia stiki, kinaendelea kwenda kama vitu vinavyokwenda angani, na itabidi uzoee kufunga breki nusu ya safari kabla hujafika. Ipo pia autopiloti, ila haikwepi jua likiwa njiani.

Kuna sifa ya Outer Wilds ambayo wahakiki wa ng'ambo hawaioni kwa sababu umeme wao haukatiki. Mzunguko ni dakika 22. Umeme ukiondoka, kilichopotea ni safari moja fupi. Ulichokijua kiko kichwani mwako, na kwangu kilikuwa pia kwenye daftari la shule nililochora sayari zote na mishale. Usiku wa giza nilikaa na tochi ya simu nikilisoma daftari hilo, nikapata jibu la mahali niliponasa kwa siku nyingi, TV ikiwa imezima.

Kwa hiyo, nyumba yenye watu, padi moja na jioni ndefu: chukua Uncharted 4. Huna haja ya kucheza tatu za kwanza, ingawa zipo pamoja kwenye mkusanyiko wa PS4 wa mwaka 2015 na utamwelewa Sully zaidi. Mtu wa peke yake, mwenye subira na Kiingereza cha kusomea: Outer Wilds, na kama mfuko unaruhusu moja tu mimi ningechukua hiyo, kwa sababu Uncharted unaweza kukaa kwa jirani ukaitazama ikichezwa na bado ukapata sehemu kubwa ya utamu wake. Outer Wilds ukiitazama kwa jirani, umeimaliza bila kuicheza.

Ukiichukua, usifungue video yoyote inayoihusu. Ukinasa, rudi kwenye chombo, fungua daftari la safari kwenye kompyuta iliyo nyuma ndani ya chombo, tafuta mahali lilipokuandikia kwamba bado kuna cha kuchunguza, kisha nenda huko. Nyongeza yake, Echoes of the Eye ya mwaka 2021, iache mpaka umemaliza gemu yenyewe.