Siku tatu ufukweni Mwanza na watoto: miwani ya kuzamia ibaki bwawani

Kifurushi cha familia tulicholipia kwenye hoteli ya ufukweni, upande wa Ilemela, kilikuwa na mambo matatu: bwawa la kuogelea, kuzamia ziwani kwa miwani na mrija, na boti ya kwenda kutazama wanyama. Bwawa ni zuri. Boti ilizidi matarajio. Hilo la kuzamia ziwani, mzazi mwenzangu, usililipie kabisa, hata wakikupunguzia bei.

Sababu ya kwanza utaiona ukisimama tu kwenye gati. Picha ya tangazo ilikuwa na maji ya buluu unayoweza kuhesabu mchanga chini yake, na hayo si maji ya Ghuba ya Mwanza. Hapa maji ni ya kijani na yana ukungu, kwa kuwa mito huleta udongo, na mbolea pamoja na majitaka huotesha mwani. Mara nyingi macho hayafiki mbali zaidi ya mita moja au mbili. Inasikitisha, maana chini kwenye mawe kuna furu, samaki wadogo ambao madume yao yana rangi za kupendeza sana. Mmoja wao wanasayansi wamempa jina Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu. Lakini furu hao wanahitaji maji angavu ili jike amtambue dume wake kwa rangi, na wewe unahitaji maji hayohayo ili umwone. Ndani ya ghuba hutampata hivyo.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo ni kichocho. Kichocho cha ziwa hili hushambulia utumbo na ini. Vimelea hutoka kwa konokono wanaokaa kwenye maji ya kina kifupi, yaliyotulia, yenye majani, yaani palepale mtoto anapopenda kuchezea. Hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, kuanzia asubuhi ya kati hadi mchana, na hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Kwa hiyo "asimeze tu maji" si kinga, na kujifuta haraka kwa taulo hakutegemewi. Wahudumu walituambia kwamba mbele ya hoteli ni salama kwa sababu wamemwaga mchanga. Mchanga hauzuii kitu, kwani upepo ukigeuka, magugu maji husukumwa hadi ufukweni yakiwa na konokono wake. Siku ya pili yetu yalikuja namna hiyo. Magugu hayohayo huficha mamba, na mamba ziwani wapo.

Mtoto akiwa tayari amechezea maji ya ziwa, usikimbilie duka la dawa kesho yake. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, huua minyoo iliyokomaa, haiui michanga. Ndiyo maana vipimo na dawa vina maana zaidi wiki 6 hadi 8 baada ya kugusa maji, na kipimo cha dawa hupangwa kwa uzito wa mtoto. Andika tarehe kwenye simu usije ukasahau.

Kuna swali ambalo wageni wachache huuliza mapokezi: maji ya bafuni yanatoka wapi? Kama ni ya mamlaka ya maji, hakuna neno. Kama hoteli inavuta ziwani kwa pampu yake, uliza kama yanatiwa klorini au yanakaa kwenye tangi siku mbili kabla ya kutumika, kwani baada ya muda huo vimelea huwa vimekufa. Sisi tulijibiwa vizuri na tangi tukaonyeshwa. Kwa hilo hoteli inastahili sifa.

Sasa bwawa, ambako miwani ile inapata kazi yake. Kabla ya kuingia hakikisha unaona vigae vya chini upande wenye kina. Maji yakiwa na ukungu, mtoto akizama hataonekana. Bwawa letu lilikuwa angavu siku zote tatu, ila kina hakikuandikwa ukingoni, nalo hushuka ghafla katikati. Miwani ya hoteli ilikuwa ya watu wazima tu, basi beba ya mtoto kutoka nyumbani. Kuijaribu ni rahisi: mwekee usoni bila kupitisha mkanda, avute pumzi kwa pua, uachie mkono. Ikishika, inamfaa. Ikidondoka, itavuja hata ukikaza mkanda kiasi gani. Nywele au rasta zikiingia chini ya mpira huvujisha vilevile. Kuzuia ukungu kwenye kioo, pakaza tone la shampuu ya watoto kwa ndani kisha suuza kidogo. Mrija uwe mfupi na mwembamba wa saizi ya mtoto, maana mrefu wa mtu mzima humrudishia hewa aliyokwisha kuitoa. Kwa sababu hiyohiyo siipendi miwani inayofunika uso mzima kwa watoto wadogo. Aanze amesimama, maji yakiwa kifuani, uso tu ndani, na afundishwe kupuliza kwa nguvu maji yakiingia mrijani. Nusu saa ya namna hii inatosha.

Wanyama ndio utajiri wenyewe. Kisiwa cha Saanane kilianza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama, na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote nchini: kilomita za mraba 2.18 pamoja na maji yake. Boti huondokea ofisi ya hifadhi, Capri Point, na safari ni fupi kiasi kwamba hata mtoto mwenye kichefuchefu anaivumilia. Malipo hayapokelewi kwa noti. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au kadi. Beba kitambulisho cha taifa ili utozwe kiwango cha raia, na vyeti vya watoto, kwa kuwa walio chini ya miaka 5 hawalipi.

Kisiwani mnatembea kwa miguu, hakuna gari, na hapo ndipo familia nyingi hukosea. Njia hupanda juu ya miamba ya matale. Ndala huteleza, hasa kukiwa na umande, na kigari cha mtoto ni mzigo mtupu. Mdogo abebwe kwa mbeleko, wengine wavae raba zenye meno. Fikeni saa 2 asubuhi. Pimbi wanakuwa wametoka kuota jua kwenye miamba, na swala pala bado wako kwenye nyasi wazi. Kuanzia saa 3 jiwe likishapata moto hutokea mjusi wa miamba, ambaye dume lake lina kichwa na mabega mekundu na mwili wa buluu. Akipoa rangi hufifia kuwa kahawia, hivyo aliyemkosa alfajiri asifikiri hayupo. Watoto wakae kimya hatua tano mbali naye, watamwona akipiga "pushapu" kutishia wenzake. Chakula kiwe kwenye kontena lenye kifuniko. Tumbili hunyakua, na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019.

Boti ya hoteli ni ya kutazama ndege. Toka saa 12 na nusu asubuhi, urudi kabla ya saa 4, kwani mchana upepo wa ziwa huamka na mawimbi humwagikia watoto. Furukombe hukaa juu ya miti mikavu, mnandi hutandaza mabawa kwenye mawe, mdiria huning'inia hewani kabla ya kujitupa majini. Ukibahatika, fisi maji atatoa kichwa kando ya mawe. Darubini iwe ya kukuza mara 8. Ya mara 10 hutikisika mno botini. Jaketi okozi ndilo nililogombania. Walimpa mtoto wa kilo 18 la mtu mzima. Mvalishe, funga vifungo vyote, kisha mnyanyue kwa kushika jaketi mabegani: likimpanda hadi masikioni, majini litamvuka. Lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu ndilo sahihi. Tulisubiri dakika arobaini likaletwa, na nahodha hakukasirika.

Chakula kwa kifupi: sato wa kuchoma ni mtamu lakini huchukua karibu saa nzima, agizeni kabla ya kwenda kuogelea. Watoto waagizieni mnofu wa sangara, maana miba ya sato ni mingi.

Vyandarua vilikuwa vizima na vipana, jambo la lazima kanda hii yenye malaria. Siku za mwezi mwandamo huibuka makundi ya wadudu wa ziwani. Hawaumi, ila hufuata taa na kujaza chumba, basi zima ya baraza kabla ya kufungua mlango. Siku hizohizo za giza ndizo wavuvi wa dagaa huwasha taa zao, na ziwa lote mbele yako hugeuka kama mji mwingine. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika na wadudu hupungua. Tazama kalenda ya mwezi kabla ya kulipia chumba.