Misimu minne na desmodiamu: kiduha kimepungua, lakini jasho lipo

Shamba letu liko nje kidogo ya mji wa Busia, upande wa Uganda. Ni nusu ekari ya udongo uliochoka, na kwa miaka mingi aliyevuna pale ni kiduha, gugu linaloishi kwa kunyonya mizizi ya mahindi. Ukiona maua yake ya zambarau katikati ya mahindi ujue umechelewa: mizizi yake imeshanyonya mahindi chini kwa chini kwa wiki kadhaa. Mahindi yanadumaa na kupauka kama yenye kiu hata mvua ikinyesha. Wajaluo wa ng'ambo ya mpaka hukiita kayongo. Mama mkwe alisema shamba lile limerogwa, na mwaka 2022 tulipotoka na gunia moja na nusu tu, nilikosa la kumjibu.

Kung'oa nimeng'oa mpaka mikono ikaota sugu. Mche mmoja wa kiduha hutoa mbegu maelfu kwa maelfu, ndogo kama vumbi, nazo hukaa ardhini zaidi ya miaka kumi zikisubiri mzizi wa mahindi au mtama upite karibu.

Mafunzo ya sukuma-vuta niliyapata kwenye kikundi chetu cha wakulima. Mbinu hii ilianzia Kenya katika miaka ya 1990, kazi ya watafiti wa ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoko Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo cha Uingereza. Unapanda desmodiamu, mmea wa malisho unaotambaa, katikati ya mistari ya mahindi, kisha unalizungushia shamba nyasi za brakiaria au mabingobingo. Harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo wa bungua, wale ambao funza wao hutoboa mabua ya mahindi, na nyasi za pembeni huwavuta wakatage huko, mahali ambapo funza wao wengi hufa. Lakini kilichonishika mimi ni habari ya mizizi. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoamsha mbegu za kiduha, na nyingine zinazozuia kimelea hicho kujishika kwenye mzizi wa mahindi. Mbegu inaota, inakosa pa kunyonya, inakufa. Yaani hazina ya mbegu iliyolala ardhini inapungua msimu hadi msimu, jambo ambalo jembe langu halikuweza kamwe.

Sasa niseme ukweli wa kazi yenyewe. Mbegu ni ghali. Pakiti ya kwanza niliyonunua dukani Machi 2023 haikuota kabisa, na muuzaji akanikana. Ya pili nilipewa na kikundi, ikaota vizuri. Mbegu zake ni ndogo sana, hivyo nilizichanganya na mchanga mkavu na kuzifukia juu juu tu. Halafu ikaja hasara iliyoniuma zaidi: vibarua walipalilia mistari minne wakidhani ni magugu, maana desmodiamu changa hukua polepole na haina sura ya zao. Nililia, sioni haya kusema. Msimu wa kwanza palilia mwenyewe, au simama pale pale na vibarua, na upalilie mapema mara mbili. Ukizembea hapo, magugu yataimeza.

Usitarajie muujiza mwaka wa kwanza. Msimu ule kiduha kilikuwepo karibu kama kawaida. Msimu wa pili kilipungua. Msimu wa nne nilihesabu miche kumi na mmoja shamba zima, yote pembezoni ambako desmodiamu haijafunga vizuri. Tulivuna magunia manne. Mbolea ya samadi nayo nilitia, kwa hiyo sifa zote siipi desmodiamu, ingawa yenyewe ni jamii ya kunde na huongeza nitrojeni kwenye udongo.

Viwavijeshi vamizi, waliotusumbua sana tangu 2017, bado wanakuja. Ila mahindi yaliyotobolewa ni machache kuliko kwa jirani, na sijanunua dawa ya kupuliza misimu miwili. Kwangu hilo ni kubwa, kwa sababu mume wangu alikuwa akipuliza bila barakoa na kukohoa usiku kucha.

Kero zipo. Desmodiamu hudumu miaka, kwa hiyo huwezi tena kuingiza plau ya ng'ombe. Ni jembe la mkono kwenye mstari wa mahindi tu, na lazima uikate kabla ya kupanda na tena mahindi yakiwa machanga, la sivyo inayapanda na kuyafunika. Maharage yetu ya katikati ya mistari tumeyahamishia kwingine. Brakiaria nayo ilishambuliwa na utitiri mwekundu wakati wa kiangazi, majani yakageuka manjano, ingawa mvua iliporudi ilichipua upya. Na mbuzi wa watu wakifunguliwa baada ya mavuno, hilo ndilo shamba la kwanza wanalolikimbilia.

Kwa mwenye ng'ombe, yote haya yanalipa. Ninachokata nampelekea ng'ombe wangu mmoja wa maziwa, na sinunui majani tena. Asiye na mfugo wowote ningemshauri atafute kwanza jirani wa kumuuzia majani, maana kukata ni kazi nzito kuifanya bure.

Machi hii naongeza robo ekari ya upande wa kisima. Mbegu sinunui: nitakata vikonyo vya desmodiamu iliyokomaa na kuvifukia mvua ikishakolea, na mama mkwe ameomba vya kwake.