Yadi za magari Kisumu: mzunguko mmoja hautoshi

Yadi nyingi za magari ya mtumba hapa Kisumu zina kasoro ileile. Unatakiwa kutoa milioni na zaidi, lakini unaruhusiwa mzunguko mmoja tu wa kulijaribu gari kwenye barabara tambarare, taa ya mafuta ikiwaka na muuzaji ameongeza sauti ya redio. Hapo hujaona kitu. Giaboksi ya CVT, yaani ya otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za hatua, ikichoka hujificha ikiwa baridi. Hutetemeka au kuvuma ikishapata moto na gari likipanda mlima. Dai njia ya Kakamega hadi juu ya mlima wa Riat, redio imezimwa, na mkiteremka usikilize breki.

Kinachoudhi zaidi ni kukuta injini imeshapashwa moto. Gusa boneti kabla ufunguo haujageuzwa. Ikiwa na joto, rudi asubuhi nyingine. Moshi wa samawati injini baridi inapowashwa mara nyingi ni oili inayopenya kwenye sili za valvu, na baada ya muda mfupi hutauona tena.

Wakisema gari haliwezi kutoka barabarani kwa kuwa halijasajiliwa, waambie wafunge namba za KD, zile za wauzaji magari. Wakimkatalia fundi wako kuchomeka mashine ya kusoma hitilafu, usiache dipoziti.