Skana ya leza kwenye saiti: uzoefu wangu baada ya awamu sita za mkopo

Mimi ni mkadiriaji majenzi, na kwa miaka kadhaa sasa wanaonilipa ni wakopeshaji. Mkandarasi akiomba fedha ya awamu inayofuata, natumwa saiti kuangalia kama alichokiandika kimejengwa kweli. Vifaa vyangu vilikuwa buti, kofia ngumu, futikamba na simu ya kupigia picha. Jioni naketi kuandika ripoti nikiwa na picha 200 na neno moja linaloninyima usingizi: asilimia. Mkandarasi anasema kuta zimefika asilimia 65. Mimi naona 50. Mwenye jengo hataki ugomvi, anataka fedha itoke. Tunamalizia kwenye 58, namba ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeipima.

Kwa hiyo mkopeshaji mmoja alipokubali tujaribu skana ya leza kwenye jengo la ghorofa saba, sikuuliza mara mbili. Tuliajiri kampuni ya upimaji, ikawa inakuja kila kabla ya malipo. Awamu sita zimepita, na nina ya kusema, mazuri na ya kukera.

Kwanza mashine yenyewe. Inakaa juu ya tripodi, kichwa kinazunguka polepole na ndani yake kioo kidogo kinazunguka kwa kasi, kikisambaza mwali wa leza pande zote isipokuwa pale chini inaposimama. Mwanga huenda kama sentimita 30 kwa nanosekunde moja; mashine inapima muda wa mwali kwenda na kurudi, au jinsi wimbi lake lilivyosogea, kisha inajua ukuta uko umbali gani. Inafanya hivyo mara laki kadhaa kwa sekunde, na zipo zinazofika milioni mbili. Kinachopatikana ni wingu la nukta: jengo zima limechorwa kwa vumbi, kila chembe ikiwa na mahali pake.

Kwa macho ni kazi ya kuchosha kuitazama. Dakika tatu hadi tano hapa, unahamisha tripodi, tatu hadi tano pale. Ghorofa moja yenye kuta zilizoanza kupanda ilitudai vituo 14, maana leza haipindi kona: nyuma ya kila nguzo panabaki kivuli, na kivuli usipokifuata utakilipia bila kukiona. Mafundi wakipita mbele ya mashine wanaacha vivuli vya watu wasio na miguu. Siku ya kwanza walidhani ni kamera ya kuwachunguza wanaochelewa, wakawa wanakwepa. Ilibidi msimamizi awaeleze.

Sasa lililonifanya niheshimu kifaa hiki. Jamvi la ghorofa ya tatu lilikuwa mita za mraba 620, na ramani inataka unene wa milimita 150. Mkandarasi aliomba kulipwa mita za ujazo 93 za zege, hesabu safi kabisa. Kwa macho na futikamba ningeweka tiki, kwa sababu unapimaje unene wa jamvi katikati ya ghorofa? Unapima ukingoni, na ukingoni fundi huwa makini. Lakini sisi tulikuwa na wingu la juu ya jamvi na wingu la chini yake, yote yamefungwa kwenye alama zilezile za kupimia ambazo wapimaji walibandika kwenye nguzo. Tulipotoa moja kwa jingine, wastani ukaja milimita 138.

Sikuamini. Niliwauliza wapimaji kosa lao linaweza kuwa kiasi gani, wakasema milimita tatu hivi kwa kila uso, nne ukiwa mkali. Haifiki zile 12 zilizopungua. Mhandisi akatoboa sehemu tatu, akapata 136, 139 na 141. Zile mita za ujazo saba na ushee zilikatwa kwenye malipo, ila fedha ilikuwa jambo dogo hapo. Kubwa lilikuwa mhandisi kurudia hesabu ya uzito ambao jamvi lile litabeba, kabla ghorofa nyingine nne hazijapanda juu yake. Na tulikuwa na bahati: zege jembamba la kusawazisha sakafu lilikuwa bado. Lingekuwa limemwagwa, mashine ingepima vyote pamoja na jamvi lingeonekana nene na lenye afya.

Hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Skana inaona ngozi. Ghorofa ya nne tulipanga kupima nondo siku ya Ijumaa. Alhamisi usiku zege likamwagwa, ratiba imebadilika, hakuna aliyepiga simu. Ijumaa mashine ikapima zege zuri, limenyooka, na nondo zilizomo ndani, nafasi zake na unene wake, hazikuwa na ushahidi wowote zaidi ya maneno ya msimamizi. Hali ni hiyohiyo kwa mabomba na nyaya baada ya kuta kupigwa plasta, au baada ya dari kufungwa. Nguvu ya zege nayo haisomeki kwa leza. Bado unasubiri tofali za majaribio, zilizomwagwa kwa zege lilelile, zivunjwe maabara siku ya 28. Wala mashine haikwambii kama muuza saruji amelipwa. Nasema haya kwa sababu afisa mikopo aliyekuwa akipokea ripoti alianza kuzisoma kama cheti cha daktari.

Kosa hilo kwa sehemu limetokana na rangi. Ripoti inakuja na mchoro ambapo sehemu inayolingana na modeli, yaani mchoro wa jengo kwenye kompyuta, ni kijani na iliyoachana nayo ni nyekundu. Kijani kikitawala watu wanatabasamu, nyekundu ikitokea wanataka fedha izuiwe. Mwezi wa pili tundu la ngazi lote likawa jekundu. Kumbe ngazi ilishahamishwa kwa maelekezo ya mbunifu wa jengo, barua ipo na sahihi ipo, ila wapimaji walikuwa bado wanatumia modeli ya zamani. Jengo lilikuwa sahihi, karatasi ndiyo iliyochelewa.

Awamu ya nne nusura ituvunjie kila kitu. Ripoti ilisema ukuta wa upande wa kaskazini umesogea milimita 40. Mkandarasi alikuja juu, na mimi, nakiri, nilishaanza kuandika barua kali. Siku mbili tulibishana kabla kijana mmoja wa kampuni ya upimaji hajasema kwa sauti ndogo kwamba zile alama nyeupe na nyeusi walizobandika kwenye nguzo hawakuzikuta zote. Fundi wa plasta alizifunika, na huwezi kumlaumu, kazi yake ni kufunika. Basi wapimaji waliunganisha mawingu ya vituo mbalimbali kwa kufananisha sura za korido peke yake, na korido ndefu yenye milango inayofanana ni mahali pazuri pa kupotea: kila kituo kiliteleza kidogo, mwisho wa korido ukuta ukawa umehama bila kuhama. Walirudi kwa gharama zao. Tangu siku hiyo alama kuu ni misumari ya chuma iliyopigwa nje ya jengo, mahali pasipojengwa, na sipokei ripoti isiyoonyesha kosa la kuunganisha kwa kila kituo. Jina la kampuni silitaji, walirekebisha, lakini ukurasa ule wa makosa ulipaswa kuwepo tangu ripoti ya kwanza.

Madogo madogo: vioo na maji vinaidanganya mashine. Dimbwi la mvua sakafuni lilitupa chumba kizima cha uongo chini ya jamvi, nakala ya kilichokuwa juu. Mafaili ni mazito. Awamu moja ilifika gigabaiti 60. Mwanzoni walitupa kiungo cha kutazama tu, kikaisha muda baada ya mwezi, ushahidi wetu ukafungiwa kwao. Dai wingu lenyewe kwa muundo wa E57, ambao ni kiwango cha wazi na programu nyingi zinausoma.

Kuhusu simu zenye lidari, yaani kipima umbali kidogo cha leza, nimejaribu. Zinaona kama mita tano, na kwa chumba kimoja zinafaa sana. Ukizungukia ghorofa nzima, kuta zinaanza kutokutana. Kwa nyumba ya chini yenye vyumba vitatu, simu na futikamba vinatosha, na kukodi skana ni kuchinja ng'ombe kwa ajili ya kitoweo cha mtu mmoja.

Kilichobadilika zaidi kwenye kazi yangu ni jedwali la malipo. Skana haijui asilimia. Ukiiuliza "kuta zimefika wapi" haina jibu, ukiiuliza "kuta za ghorofa ya tano ni mita za mraba ngapi na zimefika kimo gani" inakujibu hapohapo. Kwa hiyo mikataba mipya ninayoipitia imeandikwa kwa vipimo: mita za mraba za ukuta, mita za ujazo za zege, idadi ya fremu zilizosimama. Tumeongeza na sharti kwamba kitu chochote kitakachofunikwa kitangazwe saa 48 kabla, la sivyo hakilipwi mpaka kifunuliwe.

Mkandarasi alilipinga sharti hilo kwa nguvu zote. Awamu ya sita akaja mwenyewe ofisini na ripoti mkononi, ameifungua kwenye ukurasa wa ghorofa ya tano, kidole kimekandamiza jedwali.

"Mkuu, soma hapa. Mashine yako inasema nimejenga mita 412. Wewe umeniandikia 371."

Nilirudia hesabu mbele yake. Nilikuwa nimeruka ukuta mmoja nyuma ya lifti, mita 41 kamili. Nikafuta namba yangu, nikaandika yake, nikatia sahihi.