Chakula cha jioni cha pamoja vijijini Maine: uzoefu wangu, na hasira haijanitoka

Nasema mapema, ili anayetaka uamuzi tu asipoteze muda wake: msiende. Au nendeni, ila si kwenye ukumbi ule niliokwenda mimi, na kama mmefuatana na mtu asiyekula nguruwe msimwamini aliyeshika upawa. Huenda nikafika mwisho nimebadilisha maneno, kwa sababu vyakula hivi vya pamoja navipenda sana, na ndiyo maana jambo hili limeniuma kuliko kama ningejibiwa vibaya dukani.

Kwa asiyejua: huku Maine, kaskazini-mashariki kabisa mwa Marekani, baridi ni ndefu. Aprili unaweza bado kukuta theluji kwenye vivuli vya misonobari. Kwa hiyo kiangazi kikifika watu wa vijijini wanatoka kama kumbikumbi baada ya mvua. Jumamosi, kuanzia saa kumi na moja jioni, utakuta kibao kando ya barabara: leo kuna chakula, karibuni wote. Mahali penyewe huwa ni kanisa, au kituo cha zimamoto cha watu wa kujitolea, au ukumbi wa Grange, kile chama cha wakulima kilichoanzishwa mwaka 1867 ambacho mpaka leo kumbi zake za mbao zimesimama vijijini. Unalipa mlangoni, pesa inakwenda kutengeneza paa au kununua mafuta ya kupashia ukumbi wakati wa baridi. Unapewa namba, unakaa kwenye benchi mpaka iitwe. Ndani kuna meza ndefu zilizotandikwa karatasi nyeupe, na unakaa na usiowajua. Chakula ni maharage, aghalabu ya aina mbili, soseji nyekundu, kachumbari ya kabichi, makaroni na jibini, mkate mweusi uliopikwa kwa mvuke, kisha pai. Hayo tu. Lakini nimekaa nchi hii miaka kadhaa na sijapata mahali pengine ambapo mzungu asiyenijua ananisogezea bakuli na kuniuliza wazazi wangu wazima.

Ndiyo maana nilimchukua Bibi.

Bibi ni mama mzazi wa jirani yangu, ametoka Mombasa kuja kuwaona binti yake na wajukuu. Binti anafanya kazi zamu mbili, watoto wako kwenye kambi za likizo, na mama wa watu anashinda ghorofani anatazama barabara. Nikamwambia, "Bibi, kesho jioni nakuja kukuchukua, tukatembee mashambani." Alivaa buibui lake jipya. Njiani tulipita malisho yaliyofyekwa, nyasi zimefungwa marobota, na kwenye kona moja tukakuta kibanda cha stroberi hakina muuzaji: matunda yamepangwa, na pembeni kuna kisanduku cha bati cha kutumbukiza pesa. Bibi alinisimamisha. Aliwatazama watu waliotutangulia wakichukua, wakiweka noti, wakiondoka. "Hawa wanaaminiana," akasema, na aliirudia mara nyingi mpaka tukafika.

Sasa ukumbini, na ulikuwa ukumbi wa kanisa. Namba yetu ikaitwa, tukaingia foleni. Bibi akanivuta mkono: "Mwanangu, hebu waulize, maharagwe haya hayana nguruwe?"

Aliyekuwa anapakua ni mwanamume wa makamo, aproni nyeupe, mikono imekunjwa. Nikamuuliza kwa Kiingereza kilichonyooka. Akajibu, macho yakiwa kwenye sahani ya anayefuata: "Ni maharage." Nikaona hakunisikia vizuri. Nikarudia, nikamwonyesha Bibi kwa mkono: huyu mama ni Mwislamu, nguruwe hali kabisa, je, humu ndani mna nguruwe? Akanikazia macho, mara ya kwanza kunitazama: "Ni maharage tu, mama. Watu wanasubiri."

Nikamgeukia Bibi nikamwambia: "Wanasema ni maharage tu."

Naomba msomaji aelewe hapo. Bibi hakumsikia yule bwana. Hajui Kiingereza cha kasi hiyo. Alinisikia mimi. Mdomo uliomhakikishia ulikuwa wangu, kwa Kiswahili, na alikula kwa sababu mimi ndiye niliyesema.

Tulikaa na mume na mke, wazee, wakulima wastaafu, watu wazuri. Walimuuliza Bibi habari za bahari ya kwao, nikawa nafasiri. Bibi akasifu maharage. Alishangaa yana utamu, maana kwao maharagwe ni ya nazi. Nikamweleza kuwa huku wanatia molasi, ile sharubati nzito nyeusi ya miwa, na haradali na kitunguu, na yanaiva polepole saa nyingi. Akachota tena. Kwenye kijiko kikaja kipande cheupe, kinateleza, ukubwa wa kidole gumba, na upande mmoja kina ukanda wa ngozi ya kahawia iliyolainika kwa kupikwa. Akakigeuza kwa ncha ya kijiko. "Hii nini?"

Nilijua papo hapo. Ni nyama ya nguruwe ya mafuta iliyokaushwa kwa chumvi. Ndiyo inayotiwa kwenye chungu cha maharage haya tangu zamani, na mtu aliyeshika upawa kwenye ukumbi wa kijiji cha Maine hawezi kuniambia hakujua.

Bibi hakupiga kelele. Laiti angepiga. Aliweka kijiko chini, akafunika sahani kwa kitambaa cha karatasi, akaniomba nimwonyeshe maji. Nje ukutani kulikuwa na bomba la kumwagilia maua. Akasukutua mdomo, akasukutua tena, akasukutua tena, mama wa umri ule ameinama juu ya nyasi, mimi nimemshikia mkoba. Kisha akanipangusa mimi machozi, si yeye. "Sikujua," akasema, "na Mungu anajua kuwa sikujua. Usijiumize."

Nikarudi ndani. Nilimkuta yule bwana palepale. Nikamwambia alichomfanyia Bibi. Na hapa ndipo hata ile nyota moja niliyokuja kuwapa ningeiondoa: alicheka. Si kicheko cha aibu, nakijua kicheko cha aibu. Akasema, "Ah, kile? Kile ni cha kutia ladha tu. Mwambie akiweke pembeni."

Akiweke pembeni!

Nimeyazungusha maneno hayo kichwani wiki kadhaa sasa. Na kinachonichoma zaidi ni asili ya chakula chenyewe. Maharage ya kuokwa ya Jumamosi katika majimbo haya hayakuanza kwa kupenda tamu. Walowezi Wapuriti, Waprotestanti wa msimamo mkali kutoka Uingereza, walikuwa hawapiki siku ya Sabato yao, yaani Jumapili, basi waliweka chungu motoni mapema, wakala Jumamosi jioni, na yaliyobaki wakala Jumapili bila kuwasha moto. Yaani mlo huu mzima umezaliwa na watu waliokuwa wanachunga dini yao mpaka jikoni. Leo mjukuu wao anasimama juu ya chungu hichohicho, chini ya paa la kanisa, baada ya mchungaji kuomba na sote kuinamisha vichwa, na anaona ajabu mtu mwingine kuchunga yake. Hapana. Hilo sikubali, na sitaki kuambiwa eti hakukusudia. Aliulizwa mara mbili.

Halafu ikaja sehemu iliyonivuruga kabisa. Sauti yangu ilikuwa imefika jikoni, akatoka mama mmoja mzee, kilemba cha nailoni kichwani, mikono ina unga. Akauliza kuna nini. Nikamweleza. Akafumba macho. Kisha akasema kwamba jikoni kuna chungu kingine, hakina nyama hata chembe, yeye mwenyewe amekipika kwa mafuta ya mimea, na wanakipika kila mara kwa ajili ya wasiokula nyama. Kila mtu kijijini anakijua. Mgeni ataking'amua vipi? Hakuna kibao, hakuna karatasi, hakuna aliyesema. Nikazidi kuwaka. Chungu kipo hatua chache tu kutoka tuliposimama, na yule bwana aliona afadhali kuokoa dakika moja ya foleni.

Lakini huyu mama sitamtia kwenye kapu moja naye. Alivua aproni, akatoka nje mpaka kwa Bibi, akakaa naye kwenye ngazi. Hakuleta maneno mengi. Alimwomba radhi, akaniangalia nifasiri, akangoja mpaka nimalize. Alitaka kumletea maharage ya kile chungu cha pili. Bibi akakataa kwa upole, kwa sababu hajui upawa umepita wapi, na yule mama akasema ana haki. Kisha akafanya jambo ambalo ndilo lilinifanya nianze kulegea: akamweleza Bibi kila kitu kilichokuwa mezani, bila kuficha. Soseji nyekundu zina nguruwe na ng'ombe pamoja. Mkate mweusi ni unga wa rai na mahindi, maziwa na molasi, hauna neno. Pai ndiyo ya kuangalia: gamba la pai za tufaha lilikandwa kwa mafuta ya nguruwe, ndivyo mama yake alivyomfundisha, lakini za bluberi zilikandwa kwa siagi, na aliziandaa siku tofauti kwenye bakuli tofauti. Mimi nimekula pai hizo miaka na miaka na sikuwahi kuliwaza gamba. Kama mna mtu anayechunga, ulizeni gamba.

Bibi akala pai ya bluberi. Wale wazee wa mezani kwetu walitoka na viti vyao wakaja kukaa nasi. Ilikuwa saa mbili na robo usiku na jua ndiyo kwanza linaingia msituni, jambo ambalo Bibi alikataa kulizoea tangu afike. Yule mzee akaeleza jinsi baba yake alivyokuwa anapika maharage shimoni, kama kwenye kambi za wakata magogo: unachimba, unapanga mawe, unachoma kuni ngumu mpaka yabaki makaa, unateremsha chungu cha chuma chenye kifuniko, unafukia kwa udongo, unakwenda kulala. Asubuhi unafukua. Husimuliwa kwamba wakata magogo waliuchukua ujuzi huo kwa wenyeji wa asili kama Wapenobscot, ambao wako Maine kabla ya wote hawa. Bibi akataka kujua udongo hauingii vipi. Wakajadiliana kifuniko kwa muda mrefu, mimi nikiwa katikati nafasiri. Watoto walikuwa wanakimbizana nyasini mpaka mama zao wakawaita kuwakagua kupe. Mbu walikuwapo, nao niliwasamehe.

Yule bwana hakutoka. Mlango ulikuwa wazi, alituona, akaendelea kukunja meza. Hatua kumi tu zingemtosha. Kwa hiyo msiniulize kama nimesamehe, maana aliyekosewa si mimi, na aliyekosewa hajaombwa radhi na aliyemkosea.

Sasa nyota. Nilikuja hapa kutoa moja. Yule mama wa jikoni anastahili tano, na wale wazee tano, na jioni yenyewe, ile hewa ya nyasi mbichi na watu wasiojuana kula meza moja, siwezi kuipunguzia kitu. Lakini ukumbi ukikosa kuandika karatasi mbili na kuziegemeza kwenye vyungu viwili, hiki kina nguruwe, hiki hakina, basi umeamua mgeni ajikwae. Kazi yenyewe ni ya kalamu na dakika tano. Nimeona kijiji kingine wanafanya hivyo, na foleni yao haikuchelewa. Naweka mbili. Mbili na nusu kama ingewezekana. Na wakiniandikia kwamba karatasi zimewekwa nitarudi kubadilisha, hilo naahidi.

Mkienda, na naona nimeshaacha kusema msiende, piteni kwanza jikoni. Msimuulize anayepakua, muulizeni aliyepika. Ulizeni chungu, ulizeni upawa, ulizeni gamba la pai. Ukijibiwa kwa mkato rudisha sahani hapohapo, foleni ingoje.

Bibi ameniuliza jana kama Jumamosi hii kuna nyingine. Ipo, kijiji cha pili kutoka pale. Nimeshapiga simu nikaongea na mpishi mwenyewe, kaniambia njoo naye saa kumi, kabla hatujafungua, aone vyungu kwa macho yake.