Krimu ya Jua kwa Mtoto Mwenye Pumu ya Ngozi: Mbona Ngumu Hivi Kupaka?

Karibuni tena wapendwa. Leo tuko Capri Point, hapa Mwanza, upepo wa ziwa mnausikia kwenye maiki, nivumilieni. Tyubu mliyoniulizia ndiyo hii. SPF 50, yaani kipimo cha kukinga jua, zinki oksaidi, haina manukato. Mengine mtasoma kwenye boksi. Mimi nina jambo moja linalonikera.

Tazameni. Naminya mkononi, hivi. Sogeza kamera. Nasambaza... haiendi. Nasugua... bado. Ngozi yangu mimi mtu mzima imeshapata moto! Sasa mama, mwanao ndani ya kiwiko na nyuma ya magoti kumekauka, kunawasha, ndiyo umsugue hivi? Unamwamshia muwasho, ajikune usiku kucha, humo ndani halali mtu.

Fanya hivi. Weka kidogo kiganjani, pasha kwa viganja viwili... haya, imelainika. Sasa vidoti, vidoti, bonyeza taratibu, telezesha kufuata vinyweleo. Weupe ukibaki, uache! Ndiyo zinki yenyewe hiyo, ndiyo inayozuia jua. Palipochubuka au panapotoa majimaji usipake, funika na nguo.

Na bado naitetea, kwa sababu zinki inakaa juu ya ngozi, mara nyingi haichomi. Ile krimu ya jua ya kupuliza inanukia vizuri, na harufu hiyo ndiyo siitaki kwa watoto hawa. Mafuta ya nazi nayo, jamani, hayatoshi kuzuia jua.



Mafuta ya mtoto ya kulainisha ngozi yatangulie, subiri kama nusu saa yanywee, ndipo krimu. Mara ya kwanza jaribu sehemu ndogo, uone kesho yake. Rudia kila baada ya saa mbili, na akitoka majini. Chini ya miezi sita kaa naye kivulini, umfunike, krimu baadaye. Mwanza tuko karibu na ikweta, juu mita zaidi ya 1,100, na maji yanarudisha jua usoni. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, ufukweni msikae. Jasho nalo linamwasha.

Bei: 38,000 kwa kityubu hiki! Ghali. Hela ikibana, pita sokoni Makoroboi, anza na kofia pana na shati la pamba la mikono mirefu, krimu ibaki ya uso, migongo ya viganja na palipobaki wazi tu.